Mlango wa Vizibo

Nilijifunza kuangalia vitu nikiwa nimekaa miguuni pa mama yangu kule Kalamba, yeye akisuka kiondo, mimi nikimshikia nyuzi za katani. Mama alisuka akienda mtoni, alisuka kanisani mahubiri yakiwa marefu, alisuka hata akigombana na shangazi. Uzi aliusokota juu ya paja mpaka mahali pamoja pa paja lile pakawa laini kama mpini wa jembe la zamani. Kilichonishangaza ni kule alikotoa michoro yake. Siku moja tuliona nyayo za kanga kwenye mchanga wa mto. Zilikwenda moja kwa moja, halafu zikapinda ghafla, kama ndege aliyekumbuka kitu. Wiki ile kiondo chake kikapinda vivyo hivyo. Mwaka mwingine, baada ya kumaliza kuchimba matuta ya shamba, alivuka bonde, akasimama ng'ambo akiangalia ile mistari ya udongo mwekundu mpaka mimi nikachoka kusimama. Niliitambua ile mistari nilipoiona kiondoni.

"Nani alikufundisha, mwaitu?" nilimwuliza. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Anifundishe nani? Si naviona tu."

Nilipokuwa mwalimu, mapema miaka ya sabini, nilipelekwa kufundisha Sultan Hamud. Asubuhi nilifundisha hesabu na kusoma, na mchana nikawafundisha wasichana kushona. Mji ulikuwa reli, barabara ya Mombasa na safu ya maduka. Jumamosi sikuwa na mtu wa kuongea naye, basi nilikuwa nikienda kusimama karibu na stesheni kuangalia paa lake. Ukingoni mwa paa kulikuwa na ubao mrefu uliokatwa meno meno kuzunguka jengo zima, na jua la asubuhi lilipopiga, kivuli cha meno yale kililala ukutani kama utepe wa gauni.

Jumamosi moja nilikuta mwanamume mrefu amesimama mahali pangu. Alikuwa na penseli nyuma ya sikio na akala za tairi miguuni, na shingo ameikunja kuangalia juu.

"Hesabu hayo meno," aliniambia, bila salamu, kama tuliokuwa tukiongea tangu jana. "Ni mangapi kabla mchoro haujarudia?"

"Saba," nikasema. Nilikuwa nimeshayahesabu wiki mbili zilizotangulia.

Akashusha kichwa akanitazama. "Mimi nimepata saba pia. Lakini kule pembeni fundi alikosea, akakata manane."

Tulikwenda pembeni. Kweli yalikuwa manane. Tulicheka pamoja kwa kosa la mtu ambaye pengine alikuwa amekufa kabla hatujazaliwa, na nadhani ilikuwa pale, kabla sijajua hata kwao ni wapi, ndipo nilipompenda.

Alikuwa seremala, ametoka Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Mbao yake ilikuwa mukau, mti wa kwao, ambao mchwa hawaupendi. Alitengeneza vitanda, meza na masanduku ya maziko kama seremala yeyote, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa milango. Alisema kitanda ni cha mtu mmoja au wawili, ila mlango ni wa kila anayepita. Tulifunga ndoa kanisani kwetu Kalamba. Mimi nilimwita Fundi, yeye akaniita Mwalimu, na hatukuacha kuitana hivyo hata tulipokuwa peke yetu.

Tulifanya kazi pamoja bila kukubaliana kwamba tunafanya kazi pamoja. Nilikuwa nikirudi shuleni na karatasi mfukoni: nimechora kona ya mkeka, au alama za tairi kwenye vumbi baada ya manyunyu, au namna mama mboga alivyopanga nyanya zake. Ningeiweka mezani. Yeye angekunywa chai yake akiitazama, na baada ya siku mbili ningeiona ile kona ya mkeka imechongwa kwenye mlango wa mtu. Mteja wetu wa kwanza alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Murang'a, mwenye duka la nguo karibu na barabara. Alitaka mlango mzito tu, wa kuzuia wezi. Fundi alimtengenezea mlango mzito wenye mistari ya matuta ya shamba letu. Yule bwana aliuzunguka mara mbili.

"Huu mlango unanikumbusha nyumbani kwetu," alisema. "Na wewe hujawahi kufika kwetu."

Kisha nikahamishwa Kibwezi, na Fundi akanifuata na vifaa vyake. Huko kanisa liliagiza mlango, na ulipoletwa mzee mmoja wa kanisa akaweka kidole juu ya mchoro akauliza kwa ukali, "Fundi, haya ni maandishi gani?"

"Si maandishi, mzee. Ni mshono wa kibuyu."

"Kibuyu kipi?"

"Kile cha uji kilichoko nyumbani kwako. Kilipasuka, mkeo akakishona kwa uzi. Niliuona huo mshono siku ile mlipotukaribisha."

Mzee alikwenda nyumbani kuhakikisha. Aliporudi hakusema neno juu ya maandishi tena, aliuliza tu kama bawaba zimetiwa mafuta.

Tulijenga nyumba ya matofali, vyumba viwili na ukumbi mdogo mbele, na sakafu ya udongo kwa sababu saruji ilikuwa bado. Hapo ndipo binti yetu alipokulia. Tulimpata mmoja tu. Alikuwa mtoto mkimya mwenye mikono yenye shughuli, na alikusanya vizibo vya soda kutoka kila duka la soko la Kibwezi mpaka wenye maduka wakawa wanamwekea.

Alipokuwa na miaka sita nilisiriba sakafu ya ukumbi Jumamosi moja kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, ikatoka laini kama ngozi, nikaenda kuchota maji. Niliporudi sakafu yote ilikuwa na alama. Alikuwa amegandamiza vizibo, gunzi la mahindi na kisigino cha akala ya baba yake, mstari baada ya mstari, kutoka mlangoni mpaka ukingoni. Nilianza kupaza sauti. Fundi alitoka karakana na randa mkononi, akatazama, na badala ya kunisaidia kumgombeza akapiga magoti.

"Usifute, Mwalimu. Tafadhali."

Kisha akamwuliza mtoto kwa sauti ile ile aliyotumia kuongea na mafundi wenzake, "Hapa katikati mbona umeacha wazi?"

"Hapo palikuwa pamechoka," mtoto akasema. "Nikapaacha papumzike."

Fundi alinitazama. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, si siku ya harusi, si siku mtoto alipozaliwa.

Alikwenda moja kwa moja akachagua mbao za mukau alizokuwa amezikausha miaka miwili kwa kazi nyingine, akachora juu yake kwa chaki akitazama sakafu, bila karatasi. Mlango ule ulimchukua miezi mitatu, jioni jioni, baada ya kazi za wateja. Uligawanyika vipande vinne. Vitatu vya juu vilijaa duara za vizibo na meno ya gunzi, na kile cha chini ndicho kilichokuwa na nafasi tupu katikati, kama uwanja uliozungukwa na watu. Binti yetu aliupaka mafuta kwa kitambaa yeye mwenyewe, mpaka mkono wake ulipofika. Juu ya hapo alipaka baba yake. Jumamosi iliyofuata nilisiriba sakafu tena na alama zikafutika, wala sikuhuzunika, kwa sababu sasa zilikuwa kwenye mlango.

Yule bwana wa Sultan Hamud, mwenye duka la nguo, alipita siku moja akiwa safarini, akauona, akaomba auziwe. Fundi alicheka tu. "Huu una mwenyewe," alisema, akamwonyesha mtoto.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, mvua ikiwa imetoka kukatika, binti yetu alishikwa na homa. Mbu walikuwa wengi mwaka ule. Siku ya kwanza alicheza, siku ya pili akalala, siku ya tatu malaria ikampanda kichwani na hakunijua tena. Tulimpeleka hospitali Fundi amembeba mgongoni. Walifanya walichoweza. Alikufa asubuhi, kabla ya saa tatu. Alikuwa na miaka saba na miezi minne.

Ninachotaka kusimulia ni mchana wa siku ile.

Watu walijaa uani. Wanawake wa kanisa waliwasha moto wa chai, wanaume wakakaa kwenye viti vya Fundi, na wote walichukulia kwamba sanduku litatoka karakana yetu. Nani mwingine angelitengeneza? Mimi pia nilikaa ndani nikijiambia kwamba angalau hilo moja litakuwa sawa. Sanduku la mukau, na juu yake vile vizibo. Nilimwita mlangoni nikamwambia.

"Mchongee mchoro wake, Fundi. Aende nao."

Alivuka ua akaingia karakana akafunga. Nikasikia msumeno. Sauti ile ilinituliza, ndicho kitu pekee kilichonituliza siku ile nzima. Ulikata, ukanyamaza, ukakata tena. Baada ya muda mrefu ukanyamaza kabisa. Alitoka amebeba mikononi vipande vya mbao, akavipeleka jikoni nje, akavitupa kando ya moto wa wanawake kama kuni. Kisha akawageukia wanaume.

"Nendeni mkanunue moja mjini. Mimi sitengenezi."

Walimletea mtoto wangu sanduku jeupe la mbao nyepesi, lililopigwa misumari na mtu asiyemjua, na msumari mmoja ulikuwa umepinda ukatokeza kando. Naukumbuka ule msumari kuliko maneno ya mchungaji. Na chai iliyonywewa na waombolezaji ilichemshwa kwa mukau. Niliona vipande vikiwaka, vimekatwa vizuri, pembe zake sawasawa.

Tulipotoka kaburini nilimwambia neno ambalo nimelirudia kichwani maisha yangu yote. Nilisema, "Kila mtu umemtengenezea mlango. Mwanao umemnyima sanduku."

Alisimama akaniangalia. Nilisubiri ajitetee, nilitaka ajitetee. Alivua kofia, akaishika, akaivaa tena, akaenda zake karakana.

Tuliishi hivyo miezi kadhaa. Nilipika, alikula. Sikumletea tena karatasi yoyote, kwa sababu sikuwa nikichora. Nilikuwa napita kwenye vitu kama mtu aliyevaa miwani ya mwingine. Nyanya za mama mboga zilikuwa nyanya. Na kila nilipotoka na kila nilipoingia nilisukuma mlango ule, mkono wangu ukigusa vizibo, mpaka nikaanza kutolea vyombo nje kupitia dirisha la chumba ili nisiuguse.

Fundi alikwenda kwao Kitui kutafuta mbao, safari ya wiki mbili. Siku ya nne tu yule bwana wa Sultan Hamud alisimamisha pikapu yake mbele ya nyumba kutupa pole, alikuwa amechelewa kusikia. Alikunywa chai akatoka, na mlangoni akapitisha kiganja juu ya mchoro, polepole, kwa heshima.

"Uchukue," nikasema.

"Mama, sikusudii hivyo."

"Najua. Uchukue. Sitaki chochote kwako, uuondoe tu."

Alinisihi nimsubiri mume wangu. Nikaingia karakana mwenyewe nikatoa bisibisi nikaanza kufungua bawaba. Mwishowe alinisaidia kwa sababu mlango ulikuwa unaniangukia. Kesho yake nilimwita fundi wa vyuma, akaweka mlango wa bati uliopakwa rangi ya kijani.

Fundi alirudi jioni, jua lingalipo. Nilikuwa ukumbini nachambua ndengu. Alishusha mzigo, akaukaribia ule mlango wa bati, akauwekea kiganja. Ulikuwa bado una joto la mchana. Aliuliza swali moja tu.

"Ameuchukua nani?"

Nikamwambia.

"Sawa," akasema.

Alikaa siku mbili, akafunga patasi zake kwenye gunia, akaniaga kwa adabu, kama mtu anayeaga nyumba aliyokaribishwa. Alirudi Kitui. Hatukuachana, hakuna aliyelitamka neno hilo, na kanisani waliponiuliza nilisema yuko kwao anafanya kazi, jambo ambalo lilikuwa kweli. Madereva wa lori za mbao waliniletea salamu zake. Nilizipokea na kurudisha zangu. Ilipita miaka kumi na mmoja hivyo. Mama yangu alikufa katika miaka hiyo, akaacha kiondo kimoja hakijafungwa ukingo, nikakiweka kabatini.

Halafu, katika miaka ya tisini, ilikuja barua kutoka kwa wifi yangu, dada mkubwa wa Fundi, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi naye. Aliandika kwa mkono mzito: ndugu yangu kifua kimemshika, hospitali wamemrudisha nyumbani, kama utakuja, njoo sasa. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilikwenda.

Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti chake mwenyewe, blanketi mabegani kwenye joto lile. Amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Aliniona kutoka mbali akajaribu kusimama.

"Kaa, Fundi," nikamwambia.

"Mwalimu. Umefika."

Wifi alituletea uji akatuacha. Tulikaa mpaka uji ukapoa. Mbele yetu kulikuwa na ghala la nafaka la wifi, lile la kusukwa kwa fito, limeinuliwa juu ya mawe, na sote wawili tulikuwa tunaliangalia kwa sababu kuangaliana kulikuwa kugumu.

"Nilizikata mara nne," akasema.

Sikuelewa.

"Mbao za mtoto. Kipimo nilikijua, si nilikuwa nimemtengenezea kitanda Pasaka? Nilipima, nikatia alama, nikakata. Nikaulaza ubao chini. Mfupi. Nikapima tena, nikakata mwingine. Mfupi. Mara nne, Mwalimu. Mimi! Nikaketi pale nikaelewa. Mkono ulikuwa unakataa aenee."

Kikohozi kikamkamata. Nilimshika mgongo. Kilipomwachia aliendelea, akiwa bado anatazama ghala.

"Ningewaambiaje wale watu pale uani? Fundi ameshindwa kukata mbao nne za mtoto? Nikazitupa motoni zisionekane."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe ulikuwa umeshasema."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja siku mvua iliponyesha. Niliinama nikaweka paji la uso wangu juu ya magoti yake na nikalia kwa sauti, mbele ya kuku na ghala na mtu yeyote aliyepita njiani. Aliniwekea mkono kichwani. Ulikuwa mwepesi, hauna nguvu hata ya kunifariji vizuri.

Nilikaa naye. Nilikuwa nimemwosha miguu siku ya tatu au ya nne, namkausha, aliponiuliza, "Ule mlango bado uko Sultan Hamud?"

"Uko," nikasema. Nilidhani uko. Sikuwa nimefika kuangalia tangu siku ile.

"Kile kipande cha chini. Nafasi yake. Siku hizi nikifunga macho siipati sawasawa. Weka karatasi juu yake, usugue kwa makaa, uniletee."

Nilisafiri kesho yake. Duka la nguo lilikuwa sasa bucha. Yule bwana alikuwa amezeeka akarudi kwao Murang'a, na mwenye bucha, mtu mpole, alinipa kiti kabla sijasema shida yangu. Nilipouliza mlango wa mbao uliochongwa, alifikiri kidogo.

"Ule wenye vidude vya mviringo? Upo, mama. Mbao kama ile sitaitupa."

Alinipeleka nyuma. Ulikuwa umelazwa juu ya mapipa mawili, ndiyo meza yake ya kukatia nyama. Shoka na panga vilikuwa vimeula miaka mingi, na katikati umebonyea kama sahani. Pembeni tu ndipo duara chache zilibaki, zimejaa mafuta yaliyoganda. Nilitafuta kipande cha chini. Uliishia kwenye alama ya msumeno.

"Hapa chini palikuwa na kipande kingine," nikasema.

"Ndiyo. Ulikuwa mrefu, haukuenea hapa ndani. Nikaupunguza."

"Kikaenda wapi?"

Aliona uso wangu na akawa hataki kusema. "Kuni, mama. Samahani. Sikujua ni kitu cha mtu."

Nikamwambia si kosa lake. Na halikuwa.

Nilinunua karatasi kubwa ya manila na kijiti cha makaa nilikiokota kwenye jiko la hoteli nilikokaa kungojea gari. Nilifika Kibwezi, nyumbani kwangu, nikafungua mlango wa bati, nikatandaza karatasi ile chini ukumbini, mahali pale pale alipopiga magoti binti yangu. Sikuwa nimechora kwa miaka kumi na miwili. Nilipiga duara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Nilikuwa naogopa kwamba nami nimesahau. Lakini vizibo vilikuja kimoja baada ya kingine, na meno ya gunzi yakaja, na kisigino cha akala, na nilipofika katikati nilijua nisimamishe wapi. Nilichora mchana kutwa. Nilipomaliza niliipitia yote kwa makaa yaliyolazwa, nikaisugua kwa kidole, ili ifanane na karatasi iliyowekwa juu ya mbao.

Nilimpelekea. Wifi alimwinua tukamwekea mto mgongoni, nikaishika karatasi mbele yake. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa kidole, akafuata ukingo wa ile nafasi tupu, akakiteremsha mpaka kona ya kulia, akagonga pale mara mbili.

"Mbao yangu ilikuwa na fundo hapa," alisema.

Nilikuwa nimekumbuka kila kizibo, lakini fundo la mti sikulikumbuka. Wala hapakuwa na mistari ya mbao popote kwenye karatasi ile, na yeye alikuwa seremala.

Hakuniuliza chochote. Aliomba akunjiwe karatasi aiweke chini ya mto. Alipolala chali, macho yamefumba, akasema, "Asante kwa kuchora, Mwalimu."

Alisema kuchora. Niliketi hapo nikiwa na makaa bado kwenye kucha.

Aliishi siku kumi na tisa baada ya hapo. Alikufa asubuhi, nikiwa nimekwenda kumletea maji ya kunawa. Tulimzika na ile karatasi, wifi ndiye aliyeiweka, mimi sikuomba. Patasi zake wifi aliwagawia mafundi wa pale waliofanya naye kazi, akaniuliza kama nataka moja, nikasema hapana, kwa sababu ningeifanyia nini.

Siku moja kabla ya kuondoka tulikaa na wifi kivulini tukibambua mbaazi. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Tulikuwa tumeongea habari za mvua na za mbuzi wake mmoja aliyevunjika mguu. Kisha, bila kuinua macho kwenye ungo, akaniuliza, na najua hakuwa na ubaya, alikuwa tu ameishi na swali hilo muda mrefu.

"Kama ungekuja mapema, mwana wa mama, wasemaje? Si angekaa nasi bado?"

"Sijui," nikamwambia.

Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Alichukua konzi nyingine ya maganda, akanimegea nusu, tukaendelea kubambua.